Panya Safi na Ziwa Lenye Kichocho

Yai la kichocho cha tumbo ukishaliona mara moja chini ya darubini huwezi kulisahau. Ni la mviringo mrefu, njano inayoelekea kahawia, na ubavuni limechomoza mwiba mmoja. Kwa wasioijua kazi yetu: kinyesi kinachujwa kwenye wavu, kinajazwa kwenye tundu la kibao kidogo, kinafunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa glisarini, kisha unakaa na kuhesabu. Idadi unayopata unaizidisha kwa 24 ndipo ujue kila gramu ina mayai mangapi. Nimehesabu mayai ya watoto wa Igombe, ya wavuvi wa Kayenze, ya akina mama wanaofua kwenye mawe kando ya ziwa, na sikuwahi kufikiri kwamba yai lile lina la kusema kuhusu ugonjwa mwingine zaidi ya kichocho chenyewe.

Kumbe lina. Mwaka 1999 Anne Cooke na wenzake, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo mtu wa maabara wa Mwanza hawezi kulipita hivihivi. Walichukua panya wa ukoo unaopata kisukari wenyewe, bila kuchokozwa na mtu. Ni kile kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kinga ya mwili inaziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Wakawaambukiza Schistosoma mansoni, kichocho chetu hikihiki cha Ziwa Viktoria. Walioambukizwa wakapata kisukari kwa uchache sana kuliko wenzao. Kundi jingine halikupewa mnyoo hata mmoja, lilidungwa mayai tu, nalo likakingika.

Ningeisoma kama kioja cha kitaaluma na kuendelea na shughuli zangu, kama si mdogo wangu. Ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Ilianza kwa viungo kuuma asubuhi, nywele kunyonyoka, homa zisizo na mwenyewe. Huku kwetu kila homa ni malaria, na isipokuwa malaria basi ni taifodi. Akameza dawa za vyote viwili. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Upele ulipotoka mashavuni na kuvuka juu ya pua, jirani mmoja akaanza kunong'ona kuhusu Ukimwi, ingawa binti wa watu alikuwa ameshapimwa na majibu yapo. Kilichomwokoa ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote: kijiti cha mkojo kilichoonyesha protini nyingi, na daktari kijana aliyejiuliza kwa nini figo za msichana wa umri ule zivuje.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu magonjwa haya ya kinga kujishambulia, na kila njia niliyoifuata ilinifikisha kwa panya.

Ugonjwa wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Kinga ya mwili hujifunza kutenganisha vilivyo vyake na vya kigeni. Mafunzo hayo yakivunjika, kinga inageukia mwili. Kwenye kisukari aina ya kwanza linaumia kongosho. Kwenye baridi yabisi, utando wa ndani ya viungo. Kwenye multipo sklerosisi, ala ya mafuta inayofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Lupasi haichagui kiungo kimoja. Mwili unatengeneza kingamwili, zile protini za kumshika adui, dhidi ya vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli zake, hata DNA, na mchanganyiko huo unakwenda kukwama kwenye figo. Mgonjwa anapofika kliniki, mambo yameshaanza zamani, na huwezi kumchukua mtu mzima asiyeumwa chochote ukamkata kipande cha figo kila wiki ili uone siku ya kwanza ilikuwaje. Panya anaishi miaka miwili hivi. Maisha yake yote, tangu kuzaliwa hadi kuugua hadi kufa, yanaenea ndani ya masomo ya mwanafunzi mmoja wa uzamivu.

Kilichonishangaza ni kwamba panya maarufu kuliko wote katika elimu hii hawakutengenezwa na mtu. Walitokea, na kukawa na mtu aliyeangalia vizuri.

Dunedin, kule kusini kabisa mwa New Zealand, Marianne Bielschowsky alikuwa anazalisha koo za panya katika maabara ya utafiti wa saratani. Ukoo mmoja wa panya weusi, unaojulikana kwa herufi NZB, ukaanza kupungukiwa damu. Mwaka 1959 yeye na wenzake wakaeleza kwamba panya hao wanaharibu chembe nyekundu za damu zao kwa kingamwili zao wenyewe. Baadaye ukoo huo ukachanganywa na ukoo mweupe wa hukohuko, NZW, na mwaka 1963 ikaelezwa kwamba watoto wa mchanganyiko huo wanakufa kwa figo, wakiwa na kingamwili za aina ileile inayopatikana kwa mgonjwa wa lupasi. Majike wanaugua mapema na kufa mapema kuliko madume. Kwa binadamu, kati ya wagonjwa kumi wa lupasi, tisa hivi ni wanawake. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda.

Panya wa kisukari waliotumika Cambridge asili yao ni Japani. Kampuni ya dawa ya Shionogi ilikuwa inatafuta ukoo wa panya wenye mtoto wa jicho. Katika kupandisha na kuchagua, jike mmoja akaanza kukonda, kunywa maji kupita kiasi na kukojoa mno. Mtu mwingine angemtupa kama panya mbovu. Wao wakamzalisha, na mwaka 1980 Makino na wenzake wakautangaza ukoo huo kwa jina la NOD.

Wa tatu ndiye mwenye hadithi ndefu. Mwaka 1949, katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, ambako walikuwa wakichunguza madhara ya mionzi, wakazaliwa madume wenye ngozi ya magamba, wengu uliovimba, wanaokufa wakiwa na wiki chache tu. Mionzi haikuhusika, jeni ilibadilika yenyewe. Ukoo huo ukatunzwa zaidi ya miaka hamsini kabla Mary Brunkow na Fred Ramsdell hawajaipata jeni yenyewe mwaka 2001 na kuiita Foxp3. Huku nyuma, Japani, Shimon Sakaguchi alikuwa ameshaonyesha mwaka 1995, kwa panya vilevile, kwamba kati ya seli T, askari wa kinga, kuna ambazo kazi yake ni kuzituliza seli T nyingine. Panya akizikosa, mwili wake unajila. Ikaonekana kwamba Foxp3 ndiyo inayozifanya seli hizo ziwe zilivyo, na kwamba wapo watoto wa kiume wa binadamu wanaozaliwa na kasoro hiyohiyo. Watatu hao wakapewa Nobeli ya tiba mwaka 2025. Panya wa magamba alikuwa ameisubiri tuzo hiyo miaka 76.

Si koo zote zinaugua zenyewe. Nyingine huuguzwa. Panya anadungwa kipande cha protini ya ala ya neva, au kolajeni, protini ya gegedu, kikiwa kimechanganywa na mafuta yenye bakteria wa kifua kikuu waliouawa, ili kinga ishtuke. Kwa ugonjwa wa neva mara nyingi huongezewa sumu ya bakteria wa kifaduro. Siku kadhaa zikipita, mkia unalegea. Kisha miguu ya nyuma inakuwa dhaifu, inapooza, na wengine wanapooza mpaka ya mbele. Watafiti wanatoa alama kila siku: sifuri kwa mzima, moja kwa mkia uliolegea, tatu kwa aliyepooza miguu yote miwili ya nyuma, tano kwa aliyekufa. Kwa baridi yabisi wanapima unene wa nyayo kwa kifaa kilekile cha fundi wa vyuma. Kwa lupasi wanakamua mkojo kidogo na kuchovya kijiti. Ndiyo, kijiti kilekile kilichomwokoa mdogo wangu.

Mimi kazi ya namna hii naielewa. Ubora wa majibu uko kwenye vitu vidogo visivyopigiwa makofi. Anayetoa alama asijue panya yupi amepata dawa na yupi amepata maji ya chumvi. Makundi yapangwe kwa bahati nasibu, si kwa kuwachukua wanaokamatika upesi kwanza, maana anayekamatika upesi huenda ndiye mgonjwa. Dawa ipewe baada ya ugonjwa kuanza, kwa sababu hivyo ndivyo binadamu anavyokuja hospitali. Hili la mwisho limepuuzwa mara nyingi mno. Kumkinga panya ambaye bado hajaugua ni rahisi, na ripoti inapendeza. Lakini nani kati yetu anakwenda kliniki ya baridi yabisi kabla vidole havijavimba?

Kuhusu mateso ya wanyama hawa nitasema moja tu: nchi zenye utafiti mwingi wa aina hii zina kamati zinazoamua mapema ni lini panya aliyepooza amalizwe asiendelee kuteseka, na mtafiti anayelipuuza hilo anaharibu hata takwimu zake.

Sasa, wametupa nini?

Chukua baridi yabisi. Mwaka 1991 George Kollias na wenzake, Athens, walitengeneza panya waliopandikizwa jeni ya binadamu ya TNF, protini inayochochea uvimbe. Panya wakavimba viungo vyote, na walipopewa kingamwili ya kuizuia TNF hawakuvimba. Mwaka uliofuata London, katika timu ya Marc Feldmann na Ravinder Maini, kingamwili ya namna hiyo ikapunguza uvimbe na uharibifu wa viungo vya panya waliodungwa kolajeni, na mwaka huohuo wa 1992 wagonjwa wa kwanza wakachomwa sindano. Mwishoni mwa muongo ule dawa ilikuwa sokoni, na wapo duniani watu waliokuwa wanashindwa kufunga vifungo vya shati ambao leo wanafanya kazi kwa sababu yake. Huo ni mnyororo safi, kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa, na hauko peke yake. Mwaka 1994 Lucienne Chatenoud na wenzake, Paris, walionyesha kwamba kingamwili inayoshika seli T, ikitolewa kwa siku chache tu, inarudisha sukari ya panya wa NOD waliokwisha kuugua. Ikachukua miaka 28. Novemba 2022 Marekani ikaidhinisha teplizumabu, dawa ya kwanza kuchelewesha kisukari aina ya kwanza. Katika majaribio ilikichelewesha kwa takriban miaka miwili. Miaka miwili bila sindano za insulini, kwa mtoto wa darasa la nne na kwa mama yake, si kitu kidogo.

Lakini ukiangalia upande wa pili wa daftari unakuta mengine. Hadi katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa zimeripotiwa njia zaidi ya mia moja za kumkinga au kumtibu panya wa NOD. Hata chanjo ya kifua kikuu, BCG, ile iliyotuachia kovu mkononi sote, inamkinga. Watoto wetu wanaochomwa BCG wakiwa wachanga kisukari hicho bado kinawapata. Kwa multipo sklerosisi, kuizuia TNF kuliwasaidia panya, na walipojaribiwa watu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, mashambulizi ya ugonjwa yakaongezeka badala ya kupungua.

Na dawa hiyohiyo ya TNF iliyofaulu kwa baridi yabisi ilikuja na deni ambalo mtu wa Mwanza angelikisia kabla hajaambiwa. Mwaka 2001 ikatoka ripoti ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanza kuitumia. Kwa haki, panya walikuwa wameshasema: mwaka 1995 watafiti wa kifua kikuu walionyesha kwamba panya asiyeweza kuitumia TNF anauawa upesi na bakteria hao. Ila huyo alikuwa panya wa watu wa kifua kikuu. Panya wa watu wa baridi yabisi hakuwahi kukutana na kifua kikuu kilicho hai maishani mwake, kwa hiyo hakuwa na la kuonya. Hapa kwetu, ambako bakteria wa kifua kikuu wamelala kimya vifuani mwa watu wengi, onyo hilo ndilo lingekuwa la kwanza kuandikwa.

Tukio lililowatikisa watafiti kuliko yote lilitokea Machi 2006 katika hospitali ya Northwick Park, London. Vijana sita wenye afya njema walipewa kingamwili mpya iliyoitwa TGN1412. Ilitarajiwa kuziamsha zile seli za kutuliza, za Sakaguchi, na hivyo kutibu magonjwa kama baridi yabisi. Kwa aina zote mbili za panya wa maabara, wale wakubwa na wale wadogo, dawa za namna hiyo zilikuwa zimefanya hasa hivyo. Kima walipewa kiasi kikubwa mara 500 kwa uzito wao na hawakudhurika. Vijana wale, ndani ya saa chache, wakaanza kutapika, kutetemeka, presha ikashuka, viungo vya ndani vikaanza kufeli. Wote sita walipona, lakini mmoja alipoteza vidole.

Kwa kima, sababu ilikuja kujulikana: baadhi ya seli zao za kumbukumbu hazina kile kipokezi ambacho dawa ililenga. Kwa panya, jibu lilichelewa, na lilipokuja lilinirudisha moja kwa moja kwenye kazi yangu ya mayai.

Panya wa maabara ni safi mno. Anazaliwa ndani ya sanduku lenye hewa iliyochujwa, anakula chakula kilichouliwa vijidudu, hana minyoo, hana virusi, hana kupe wala viroboto. Mwaka 2016 kundi la David Masopust, Chuo Kikuu cha Minnesota, lilipima kinga ya panya hao na kukuta inafanana na ya kichanga wa binadamu, si ya mtu mzima. Wakawaweka sanduku moja na panya walionunuliwa kwenye duka la wanyama, wenye vijidudu vyao vya kila aina. Baadhi ya wale wasafi wakafa. Waliobaki, kinga yao ikawa ya mtu mzima. Mwaka 2019 Stephan Rosshart na Barbara Rehermann, Marekani, wakaenda mbali zaidi: wakachukua viinitete vya panya wa maabara wakavipandikiza ndani ya panya jike wa porini, ili watoto wazaliwe na jeni za maabara na vijidudu vya porini. Wakawapa watoto hao dawa ya jamii ya ile iliyowaangusha vijana wa London. Kwa panya wasafi seli za kutuliza ziliongezeka, kama ilivyoandikwa miaka yote. Kwa wale waliozaliwa na panya wa porini hazikuongezeka, na badala yake uvimbe ukapanda. Panya mwenye uchafu angeweza kuwaonya.

Nikikumbuka tena NOD, jambo hili lilikuwa wazi muda mrefu kwa waliotaka kuliona. Wafugaji wa ukoo huo wanajua kwamba kadiri banda linavyokuwa safi, ndivyo panya wengi zaidi wanavyopata kisukari. Maambukizi yakiingia bandani, kisukari kinapungua, na watafiti wanakasirika kwa sababu jaribio limeharibika. Limeharibika vipi? Limetoa jibu la swali ambalo hawakuuliza.

Mmoja aliuliza, na aliuliza akiwa Afrika. Brian Greenwood, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, katika miaka ya 1960, aliona kwamba baridi yabisi na lupasi zilikuwa adimu wodini kwake kuliko alivyozoea Uingereza. Mwaka 1968 akaandika kwamba huenda ni kwa sababu ya vimelea vinavyowashika watu tangu utotoni. Wengi wangeishia hapo, kwenye dhana. Yeye mwaka 1970, pamoja na wenzake, akawachukua walewale panya wa New Zealand wanaokufa kwa figo, akawaambukiza malaria ya panya, na figo zao zikasalimika. Kwa mtu aliyekulia kwenye malaria kama mimi, wazo hilo halikaliki vizuri moyoni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tunaambiwa kila siku kwamba panya si binadamu, na ni kweli: kati ya chembe nyeupe, damu yake imejaa zile ziitwazo limfosaiti wakati yetu imejaa nyutrofili, na mababu zetu waliachana miaka milioni mingi iliyopita. Tofauti hiyo haiondoki. Lakini sehemu ya tofauti hatukuumbiwa, tuliitengeneza kwa dawa ya kusafishia mabanda. Tulimjenga panya anayeishi kama mtoto wa kitajiri asiyetolewa nje, halafu tukamuuliza dawa itafanyaje kwa mvuvi wa Ukerewe.

Ndugu zangu wa ziwani, kabla mtu hajaniwekea maneno mdomoni: kichocho si dawa. Mayai yale yale yanayomkinga panya wa Cambridge yanakwama kwenye ini la binadamu, yanaacha makovu, damu inakosa pa kupita, wengu unavimba mpaka mtoto anatembea ametanguliza tumbo, na mishipa ya umio ikipasuka mtu anatapika damu beseni zima. Wodi za Mwanza zinamjua mgonjwa huyo kwa sura. Siku ya kingatiba shuleni, mtoto ale uji kwanza ndipo asimame kwenye kijiti cha kupimia urefu na ameze prazikwanteli zake, chungu zilivyo. Hata wazungu waliojaribu kujitibu kwa minyoo hawakufika mbali. Huko Argentina, Correale na Farez waliripoti mwaka 2007 kwamba wagonjwa 12 wa multipo sklerosisi waliokuwa na vimelea vya tumbo walipata mashambulizi machache kuliko 12 wasio navyo, na baadaye wanne kati yao walipotibiwa minyoo, ugonjwa ukachachamaa. Ushahidi unaovutia. Lakini walipopewa wagonjwa wa utumbo mayai ya mnyoo wa nguruwe katika majaribio makubwa, mwaka 2013 matokeo yakaonyesha hayawasaidii kuliko maji matupu.

Kinachotafutwa ni kile ambacho yai linaiambia kinga, ili kitengenezwe bila yai. Na kwa hilo sisi tunaoishi kwenye ufukwe huu tuna nafasi ambayo panya hana. Kingatiba inafika vijijini, mabomba ya maji yanafika, watoto wanaokua sasa Ilemela wanaogelea kidogo kuliko tulivyoogelea sisi. Je, lupasi na kisukari cha watoto vitaongezeka nyuma yake? Hilo linahitaji daftari: kila mgonjwa wa lupasi anayegundulika kanda ya ziwa aandikwe, alikokulia, alishapata kichocho au la. Si kazi ya mabilioni. Watu wa takwimu tunao, maabara tunazo, darubini ninayotumia mimi inatosha kwa nusu ya kazi.

Dawa kuu ya mdogo wangu, kusema kweli, haikutoka kwa panya kabisa. Ni haidroksiklorokwini, binamu wa ile klorokwini iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka Tanzania ilipoiacha kwa malaria mwaka 2001. Mwaka 1951 daktari mmoja wa London, Francis Page, aliripoti kwamba wagonjwa wake wa lupasi waliomeza dawa nyingine ya malaria ngozi zao zilitulia, na kuanzia hapo jamii nzima ya dawa hizo ikaingia kwenye tiba. Nilipomweleza akacheka sana. "Kwa hiyo ile malaria niliyotibiwa miezi yote ile bure, sasa naitibu mpaka nizeeke?"

Halafu akaniuliza la kwake. Seli zilizobadilishwa jeni, ambazo Memphis, Marekani, zilisafisha seli B, zile zinazozaa kingamwili, za panya wa lupasi mwaka 2019 na ambazo Erlangen, Ujerumani, sasa zinapewa binadamu na kuwaacha bila dawa, hazikumgusa. Ziko mbali, anajua. Alichotaka kujua ni kama atazaa. Kipimo kimeonyesha ana kingamwili za fosfolipidi, zile zinazogandisha damu na kuangusha mimba, na daktari ameshamwambia kwamba akishika mimba ataendelea na haidroksiklorokwini, ataongezewa aspirini ndogo na sindano za hepari kila siku.

"Kaka, wananichoma dawa ya kuyeyusha damu nijifungue au nivuje?"

Hapo nilikuwa na panya wa kumpa. New York, mwaka 2004, Guillermina Girardi, Jane Salmon na mwenzao walichukua kingamwili hizo kutoka kwa wagonjwa wakawadunga panya wenye mimba, na mimba zikaharibika. Wakawapa hepari, mimba zikabaki. Wakawapa wengine dawa tofauti zinazozuia damu kuganda vilevile, na mimba hazikubaki. Ikaonekana kwamba kinachoua mimba ni protini za kinga ziitwazo komplementi zinazowashwa kwenye kondo la nyuma, na hepari inazizima, kazi ambayo hakuna aliyeijua alipoanza kuiagiza. Nilimchorea kwenye bahasha ya majibu ya maabara: kondo hapa, kingamwili hapa, hepari inaingia hapa. Akaiangalia, akauliza sindano moja ni shilingi ngapi, na kama bima inalipa zote au za miezi ya kwanza tu. Jumatatu anakwenda kuuliza dirishani.